Kadi Arobaini na Nane na Bakuli la Uji

Uji wa mtama ukipoa hushika kuliko gundi ya duka. Hilo nalijua tangu shule ya msingi, tulipokuwa tukibandikia majalada ya madaftari, na ndilo lililoniponza huko Igalula, mkoani Tabora, mwezi wa Septemba mwaka jana. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ukweni kwangu uji hautiwi sukari. Hutiwa asali.

Kazi yangu ni kuandika miswada ya filamu, kazi ambayo ukweni haijapata jina mpaka leo. Marehemu baba mkwe alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkwewe "yuko kwenye televisheni," nao wakinikazia macho wakingoja nisome taarifa ya habari. Mwaka jana nilipata wazo la filamu ya mapagazi: msafara mmoja wa Wanyamwezi, miaka ya 1870, unaotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu begani. Mtayarishaji mmoja alilipenda, akanipa miezi miwili ya kujiandaa na miwili ya kuandika. Mke wangu akasema, "Si twende nyumbani? Njia yenyewe imepita kwetu."

Ni kweli imepita kwao. Mtu aliyetoka pwani, akishavuka Mgunda Mkali, lile pori kavu lililowatoa watu jasho kati ya Ugogo na Unyamwezi, alitokea Tura, akaja Rubuga, akaja Kigwa, ndipo akafika Unyanyembe ilipo Tabora ya leo. Tura na Kigwa zipo mpaka sasa, na ni kata za jimbo la Igalula. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliacha pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, hukohuko Unyanyembe, tarehe 7 Novemba. Stanley, mwaka 1871, alitumia siku 84. Sisi na watoto wawili tulitumia siku moja ya basi kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora mjini, nikanunua karatasi za manila, kalamu za rangi na boksi la pini, kesho yake tukaingia Igalula.

Hapa lazima nieleze hali ya ukweni. Mama mkwe alikuwa haniulizi kitu ana kwa ana. Nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka alipo, alikuwa akimwambia binti yake, "Muulize mwenzio kama ameshiba." Nami nilikuwa nikimjibu mke wangu, "Mwambie mama nimeshiba, nashukuru." Miaka kumi na moja ya ndoa tulikuwa tumeishi hivyo, kwa heshima na amani kubwa.

Nikapewa stoo iwe ofisi. Ndani mlikuwa na magunia mawili ya karanga, ungo wa matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa), madumu ya asali, plau ya ng'ombe na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Meza yangu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali.

Watu hudhani mwandishi wa filamu huamka akaandika "Sini ya kwanza" na kuendelea mpaka mwisho. Wapo wanaofanya hivyo, na filamu zao tumeziona. Mwenye kujua kazi huanza na sentensi moja tu: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Sentensi ikishakaa sawa huikuza iwe ukurasa, ukurasa uwe kurasa kumi. Kila mhusika huandikiwa maisha yake, hata yale ambayo hayataonekana, kwa sababu ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja ya filamu, na katika dakika tisini huna nafasi ya kumjua mtu mbele ya watazamaji. Mwisho huja kadi. Kila sini hupewa kadi yake, zote hubandikwa ukutani, unasimama mbele yake kama fundi anayekagua ukuta wake, unaona palipopinda.

Hayo ndiyo maandalizi. Pamoja nayo huja mazoea ya kila mtu, na mimi nilikuwa nimesoma mno mazoea ya wenzetu wa Marekani. Aaron Sorkin, aliyeandika *The Social Network*, amewahi kusema kwamba akikwama huenda kuoga, na kuna siku huoga mara sita. Dalton Trumbo, aliyeandika *Spartacus*, alikuwa akifanyia kazi ndani ya hodhi lenyewe la kuogea, na ubao mbele yake. Hawa ni watu wenye bomba ndani ya nyumba. Siku ya kwanza Igalula nilikwama saa tatu asubuhi, nikaoga. Nikakwama saa saba, nikaoga. Saa kumi shemeji yangu mdogo, anayesoma darasa la sita, aliniletea ndoo ya tatu akaiweka chini polepole, akanitazama kama anayemuaga mgonjwa.

Usiku nikamsikia mama mkwe nje ya dirisha akimwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Muulize mwenzio hiyo dawa aliyopewa aogee ni ya siku ngapi."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akasema, "Baba watoto, kesho ukitaka kuoga mara tatu, kisima kile pale."

Nikaenda kisimani. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, hesabu ya darasa la tatu, lakini shingo haijui hesabu. Mtoto mmoja wa kike, hazidi miaka tisa, alinisokotea ngata kwa kitenge chake, kisha yeye na mwenzake wakanitwika, maana peke yangu nilishindwa kuinyanyua ikapita kifua. Nikaanza kutembea. Hatua ya ishirini maji yakanimwagikia mgongoni. Hatua ya hamsini mama mmoja akanisalimu kutoka kando ya njia, nami nikaona kwamba siwezi kugeuza kichwa nimjibu. Nikaitikia huku nikitazama mbele, kama askari wa gwaride.

Nilisimama palepale. Katika maandalizi yangu nilikuwa na sini tatu ambamo mapagazi wawili wanagombana njiani, uso kwa uso, mizigo ikiwa juu yao. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili. Frasila ni ratili 35, kwa hiyo ni kama kilo 32, yaani ndoo yangu moja na zaidi ya nusu ya nyingine. Wanyamwezi walibeba begani. Burton ameandika kwamba watoto wao walianza na vipembe vidogo wakiwa na miaka sita au saba. Mtu wa namna hiyo haongei na uso wa mwenzake. Anaongea na kisogo cha aliye mbele yake, na anatukanwa na sauti ya aliye nyuma, asiyemwona.

Tena nikakumbuka wale watoto walivyonitwika. Pembe nzito hujitwiki peke yako kila alfajiri kwa miezi mitatu. Lazima mwenzako akushikie upande wa pili. Sasa waliogombana jioni, asubuhi nani atamtwika nani? Hiyo ni sini, na haimo katika kitabu chochote nilichobeba. Niliifikisha ndoo nyumbani ikiwa nusu, nikaoga mara moja, na tangu siku hiyo naoga mara moja.

Ungedhani hapo nimepata akili. Sivyo. Siku ya nne nikaanza sauti.

Maneno ya wahusika lazima uyatamke, maana jicho husamehe sentensi ambayo ulimi utaikataa. Sorkin huyohuyo alijivunja pua mwaka 2010 akiigiza mbele ya kioo, kwa sababu alisogea kwa hasira akakigonga. Stoo haikuwa na kioo, nikajiona niko salama. Nikawa nasoma ugomvi wa kirangozi, yule kiongozi wa mbele wa msafara, na mke wa pagazi mmoja: kirangozi kwa sauti nene, mwanamke kwa sauti nyembamba. Kirangozi akawa anasema, "Ukiendelea hivyo hutafika Tura ukiwa hai!" Mwanamke akajibu, kirangozi akarudia kwa nguvu zaidi, kwani mara ya kwanza haikuniridhisha.

Jioni akaja mzee jirani na kifimbo chake. Akasalimia, akauliza habari za safari, za watoto, za Dar es Salaam, za mvua ya Dar es Salaam. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema taratibu kwamba ndoa ni kitu cha kuvumiliana, na kwamba Tura ni mbali, si vizuri mtu kumpeleka mkewe huko kwa hasira. Mke wangu alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka.

Siku ya tano ndiyo ya kadi. Nilikuwa nimekata kadi arobaini na nane: za njano kwa sini za njiani, za bluu kwa sini za kambini, nyeupe kwa sini za vijijini. Nikaenda ukutani na pini zangu. Ukuta wa tofali za kuchoma uliokandikwa udongo mkavu wa miaka mingi hauna habari na pini. Ama pini ilipinda, ama udongo ulibomoka. Shemeji akatumwa dukani kutafuta gundi, akarudi na jibu kwamba gundi italetwa Jumatatu. Ndipo nikaliona bakuli la uji uliobaki asubuhi, umepoa, umetengeneza ngozi juu.

Nilibandika kwa kidole, tone moja kila pembe. Saa nne asubuhi zote zilikuwa juu, safu tano, mwanzo wa hadithi safu ya juu kabisa na mwisho wake karibu na sakafu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gunia la karanga, nikatazama, nikajisifu moyoni. Sikupiga picha. Simu ilikuwa kibandani inachajiwa.

Wa kwanza kufika walikuwa sisimizi, mstari mwembamba kupitia kadi ya kumi na mbili. Nikawapuliza. Kisha akaja nyuki mmoja, akazunguka, akatua kwenye kadi ya bluu, akatembea pembezoni. Nikasema huyu amepotea njia. Wakaja watatu. Mtu aliyekulia Tabora angetoka hapohapo. Mimi niliendelea kusoma kadi. Niliposikia mlio kama wa transfoma ya umeme nikageuka, na mlango ulikuwa umeshaingia giza la nyuki.

Mama mkwe alikuwa uani akipeta karanga. Aliinua uso, akaona, akapaza sauti:

"Baba, kimbia!"

Miaka kumi na moja, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu moja kwa moja. Nilikimbia mpaka kwenye mwembe. Mmoja alinikuta njiani akanichoma kwenye kope. Mama mkwe ni mjane wa mrina asali, hakukimbia. Alichukua kinyesi kikavu cha ng'ombe, akakiwasha kwenye kigae, akakipeleka mlangoni akitembea polepole kana kwamba anapeleka chai kwa mgeni, akakiacha kifuke moshi. Baada ya saa moja wengi wao walikuwa wameondoka. Akauacha mlango wazi moshi utoke, watu wote wakaja mwembeni kulitazama jicho langu, lililokuwa limevimba kama andazi.

Kuna beberu pale nyumbani ambaye watoto wanamwita Mwenyekiti, kwa ndevu na kwa tabia ya kuingia kila mahali bila hodi. Wakati mke wangu ananikanda jicho, Mwenyekiti aliingia stoo. Karatasi yenye uji wa mtama wenye asali! Alianza safu ya chini, akapanda. Tulipomkuta alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele iko ukutani, anamalizia safu ya nne. Ya tano hakuifikia. Zilibaki kadi tisa za mwanzo wa filamu. Katikati na mwisho vilikuwa tumboni.

Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, filamu haipigwi nchini mpaka maelezo yake yapelekwe Bodi ya Filamu yapitiwe. Yangu yalipitiwa na Mwenyekiti kabla hata sijaandika barua.

Usiku tulikaa uani kubangua karanga za mbegu. Mimi na jicho moja. Hakuna aliyezungumza habari za kadi, na ukimya ule ulikuwa wa adabu lakini ulikuwa mzito. Ndipo mama mkwe, bila kumgeukia binti yake, akasema, "Baba, hiyo hadithi iliyoliwa ilikuwa inasema nini?"

Nikamwambia, kwa kukosa karatasi ya kujifichia. Nikaeleza msafara unavyojipanga Unyanyembe, pembe zinavyopimwa, ngoma inavyopigwa, kirangozi anavyovaa manyoya kichwani, wanavyoondoka. Nilikuwa nafika kadi ya kumi, mapigano, akanikatiza.

"Hapo wamekula nini?"

Nikasema walikuwa wakipewa posho, kila mtu kibaba cha nafaka kwa siku. Msafara ulibeba merikani, ile nguo nyeupe ya Marekani, na kaniki na shanga, kwa ajili ya kununulia chakula njiani.

"Sawa. Wamenunua mtama. Nani ameutwanga?"

Nikanyamaza. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, waliobeba vyungu na watoto wachanga. Hilo lilikuwa katika daftari langu, nimelipigia mstari. Lakini katika kadi arobaini na nane mwanamke wangu alikuwa na sini sita, na katika zote sita alikuwa akipendwa au akigombezwa. Hakupika hata mara moja. Katika kujiandaa nilikuwa nimetazama mara mbili-mbili *Stanley and Livingstone* ya mwaka 1939, Spencer Tracy akiwa Stanley, na *Mountains of the Moon* ya mwaka 1990, inayowahusu Burton na Speke. Filamu zote mbili zina watu wengi wanaotembea na mizigo, na sikumbuki hata mmoja akipuliza moto. Nilidhani mimi nitawafanyia haki wale mapagazi. Nami nimewatembeza kutoka Tabora mpaka pwani na njaa.

"Na kule Mgunda Mkali hakuna maji," akaendelea mama mkwe, mikono ikibangua bila kusimama. "Hakuna cha kupika. Utakula kilichokwisha kupikwa nyumbani. Matobolwa. Unatafuna ukitembea." Akaniwekea matobolwa kiganjani, kama mtu anayeonyesha ushahidi. Ukiyavunja hutoa mlio mdogo mkavu, na utamu wake huja mwishoni kabisa, ukishakata tamaa.

Kisha akaniambia jambo alilolisikia kwa babu yake: kwamba siku ya kwanza msafara hauendi mbali. Mnalala mahali ambapo bado mnasikia mbwa wa kwenu, ili aliyesahau kitu arudi akakichukue usiku. Nilikuwa nimelisoma hilo vitabuni. Wasafiri wengi wa karne ile wamelieleza. Nilikuwa nimelipita kwa sababu halikuwa na vurugu ndani yake.

Tulikaa mpaka moto ukafa. Mama mkwe alichangamka, akatuhadithia habari za kaka yake, aliyemwona Rashidi Kawawa kwenye *Muhogo Mchungu*, filamu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, akicheza mtu wa shamba aliyefika mjini. Kawawa, aliyesoma Tabora, akaja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kaka mtu, alisema, hakuwahi kuukubali sana ule uwaziri mkuu: kila akimsikia redioni alikuwa akijibu, "Huyu si ndiye Muhogo Mchungu?"

Kesho yake nilijaribu kuzikumbuka kadi thelathini na tisa zilizoliwa. Nikazipata ishirini na moja. Zile kumi na nane nyingine hazijarudi, na hakuna sehemu ya hadithi iliyozililia. Mke wangu alizichora upya kwenye vipande vya boksi la sabuni, tukazitundika kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, juu, mbali na Mwenyekiti. Nilizipiga picha mara mbili.

Muswada nilianza kuuandika Jumatatu iliyofuata, kwenye meza ya chakula, saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka. Umeishia kurasa 94. Sini ya kwanza ni usiku: kambi ya siku ya kwanza, mbwa wanabweka kwa mbali, na mwanamke anarudi nyumbani peke yake kuchukua chungu alichokisahau.

Bado tuko Igalula, ninasahihisha. Msomaji unayepita na treni ya kwenda Kigoma, ikisimama hapa tupa macho upande wa stesheni, utaniona na jicho langu limepona. Kama una chupa ya gundi ya duka, nirushie dirishani.